Bluu Yako Haikuharibiwa na River Road

Wasee wa dizaini, leo ni zamu yetu. Tumezoea kuchoma watu wengine mtandaoni, leo tuchomane sisi kwa sisi.

Kila wiki naona posti ileile. Mtu ameshika kadi ya harusi au kipeperushi cha shoo, ameweka simu kando yake ikionyesha dizaini, halafu anaandika: "Tazameni vile River Road wameniharibia kazi." Kwenye simu bluu inawaka kama taa za matatu. Kwenye karatasi imekuwa zambarau iliyochoka. Chini yake watu wamejipanga: pole sana, hao ni wezi, hao hawakusoma. Na hakuna hata mmoja anayeuliza swali la maana: faili uliyowapelekea ilikuwaje?

Mchezo huu naujua kwa sababu niliucheza mwenyewe, na kuna mtu mwingine aliyeulipia.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda. Nilikuwa na laptopu ya kuazima, wafuasi elfu kadhaa, na imani kwamba mimi ni dizaina kwa sababu watu walikuwa wananiita dizaina. Chama kimoja cha kina mama mtaani kwetu kikanipa kazi ya kalenda. Kalenda 1,000, saizi ya A3, ukurasa mmoja, picha za wanachama na bluu ya chama chao. Nikaichagua ile bluu kali kabisa ya skrini, ile programu inakupa ukiburuta kidole hadi pembeni. Kina mama waliiona kwenye simu wakapiga vigelegele. Nikaipeleka faili kwenye duka moja la uchapaji kwenye kichochoro cha River Road, nikabishana bei hadi mwenye duka akachoka, halafu nikaongeza: nataka kesho.

Kalenda zikatoka zambarau. Mwenyekiti wa chama aliinyanyua moja, akaiangalia kwa muda, akasema, "Mwanangu, hii si rangi yetu. Hii ni ya wale wengine." Wale wengine ni chama jirani ambacho hawapatani nacho tangu mambo ya viti na hema.

Nilifanya nini? Nilitoa simu nikapiga video. Nikasimama mbele ya duka, bango lao linaonekana nyuma yangu, nikawatukana kwa dakika mbili na nusu. Video ilienda manze, kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Kesho yake mwenye duka akanipigia, sauti ya mtu ambaye hajalala, akasema watachapa upya bila malipo. Wakachapa. Bluu ikatoka bluu. Nikapiga video ya pili nikijisifu, nikasema River Road wanajua kazi wakisukumwa.

Miezi mitano baadaye nikarudi palepale na kazi nyingine, kwa sababu bei yao hakuna anayeishinda. Fundi wa mashine, mzee wa makamo mwenye vidole vyeusi hadi kwenye kucha, akaniangalia. "Wewe si ndiye yule wa kalenda?" Nikasema ndiyo mzee. Akasema, "Kaa hapo kijana." Akainama chini ya meza akatoa karatasi mbili, kalenda ya kwanza na ya pili. Alikuwa amezihifadhi.

"Mashine ni hii moja," akasema. "Wino ni uleule. Karatasi ni zilezile. Mimi ni yuleyule. Kitu gani kilibadilika?"

Sikuwa na jibu.

"Faili," akasema. "Nilimwambia kijana wa kompyuta aishushe majenta kwenye bluu yako."

Akanipa kioo kidogo cha kukuza, kile wanakilalia juu ya karatasi kuangalia vidoti. Kama hujawahi kufanya hivyo, tafuta kioo leo uangalie picha yoyote iliyochapwa. Picha haipo. Kuna vidoti tu, vya rangi nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Hizo ndizo CMYK unazoziona kwenye programu na kuziruka. Uso wa mama, kijani cha majani, dhahabu ya pete ya harusi, zote ni vidoti vya wino wa aina nne vilivyokaa karibu karibu kiasi kwamba jicho linadanganyika. Hata pembe za mistari ya vidoti zimepangwa, nyeusi mara nyingi digrii 45, sayani 15, majenta 75, njano 0. Zikipangwa vibaya, picha inajaa mawimbi mawimbi kama kitambaa kilichokunjwa.

Sasa skrini yako haitumii wino. Inatumia mwanga, mwekundu, kijani na bluu. Ukiwasha yote matatu unapata nyeupe. Wino unafanya kinyume: kila ukiongeza, unazima mwanga, na nyeupe ni karatasi yenyewe. Kwa hiyo kuna rangi simu yako inaweza kuziwasha ambazo wino wa rangi nne hauwezi kuzifikia hata ukimleta fundi kutoka Ujerumani. Ile bluu yangu ni mojawapo. Programu ikilazimishwa kuigeuza kuwa wino inamwaga sayani nyingi na majenta nyingi pamoja, na sayani ikikutana na majenta karibu sawa kwa sawa unapata zambarau. Fundi alinipa kipimo chake: kwa bluu, majenta ikae chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi. Weka sayani 100, majenta 65, utapata bluu ya heshima. Hiyo ndiyo siri yote. Ingenichukua dakika moja. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimekuja pale kuagiza.

Nilipotoka nje kunywa chai, kijana wa kukata karatasi akanimalizia. Zile pleti nne mpya na karatasi 1,000 za kurudia hazikutoka mfukoni mwa mwenye duka. Mzee alikatwa Sh12,000 kwenye mshahara wake, miezi mitatu. Tajiri wake alikuwa ameona video yangu akaamini, kama mlivyoamini nyinyi. Mzee mwenyewe hakuwa amenitajia hata shilingi.

Nawaandikia hii nikiwa na hasira na mimi, lakini nina ya kutosha kuwagawia na nyinyi.

Kwa sababu tunawadharau hawa watu. Tuseme ukweli. Aliye na laptopu ni "mbunifu", aliye na wino kwenye vidole ni "msee wa River Road". Mimi ninaburuta picha kwa kidole, yeye anaendesha chuma. Mashine yao pale ni Heidelberg GTO 52 ya rangi moja, nzee kuliko mimi, inakula karatasi ya hadi sentimita 36 kwa 52. Rangi moja maana yake karatasi yako inapita mara nne. Chapa sayani, simamisha, osha rola, badilisha pleti, rudisha karatasi zilezile, chapa rangi inayofuata. Mara nne, na kila mara lazima vidoti vitue mahali pake, maana ikisogea hata nusu milimita bibi harusi anaota midomo miwili. Karatasi nayo si chuma. Ikinyonya unyevu inatanuka. Mvua ikinyesha Nairobi, mzee anajua kabla hajachungulia dirishani.

Na pleti yenyewe ni bapa, haina herufi zilizoinuka. Kazi yote inategemea kwamba maji na mafuta havipatani: sehemu ya picha inashika wino, sehemu tupu inashika maji. Maji yakizidi rangi inapauka. Yakipungua karatasi nzima inachafuka. Mzee anasimama pale akisikiliza mlio wa rola na kugusa skrubu kidogo kidogo. Akili hiyo si ya jana. Alois Senefelder aliigundua Bavaria miaka ya 1790 akitumia jiwe la chokaa. Halafu mwaka wa 1904 hivi, huko New Jersey, mchapaji Ira Rubel aligundua kwamba karatasi ikikosa kuingia, picha inatua kwenye mpira wa silinda, na karatasi inayofuata ikiipokea kutoka kwenye mpira inatoka safi kuliko kawaida. Ndiyo maana leo picha inatoka kwenye pleti, inakwenda kwenye blanketi la mpira, ndipo inafika kwenye karatasi. Kosa la matbaani, akatokea mtu aliyeliangalia kwa makini badala ya kutafuta wa kumtukana.

Najua mtakuja na hoja yenu: River Road kuna wakora. Ndiyo, wapo. Kuna wa kukuambia karatasi ni gramu 150 akakuchapia ya 130. Kuna wa kula dipoziti akabadilisha laini. Kuna wa blanketi lililokwisha, anakupa kazi yenye mabaka anakuambia "itakauka". Hao wachome, nitakuletea kiberiti. Lakini mkora hujulikana kwa vitu unavyoweza kukagua. Shika karatasi mkononi kabla ya kulipa. Omba sampuli ya rangi, iangalie mchana nje, si chini ya taa ya duka, kisha uweke sahihi. Ikitoka tofauti na ile uliyotia sahihi, una kesi. Kama hukuomba sampuli na faili yako ni skrinishoti, kesi yako na nani?

Skrinishoti, jameni. Siku nzima niliyokaa pale niliona watu wakituma nembo kwa WhatsApp, ambayo inaibana picha hadi inabaki maganda, halafu wanataka itoke kali kwenye bango. Picha ya kuchapwa inahitaji kama nukta 300 kwa kila inchi. Hiyo yako ya WhatsApp ukiitanua inakuwa matofali. Hamwachi milimita tatu za ziada pembeni za kukatwa, kisu kikipita kinaacha mstari mweupe, mnasema kisu ni kibovu. Mnataka rangi nne kwa bei ya rangi moja. Mnataka leo. Wino unahitaji muda kukauka. Ukilazimisha karatasi zipangwe zikiwa mbichi, ya chini inaipaka ya juu mgongoni. Mliona uchafu huo mkasema fundi ni mchafu.

Na dharau hii haikuanzia kwetu, tunaiga nchi. Karatasi za kura za 2017 zilichapwa Dubai na Al Ghurair. Za 2022 zilichapwa Ugiriki na Inform Lykos. Agosti hiyo ya 2022 uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega uliahirishwa, kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na picha na maelezo yasiyo sahihi ya wagombea. Kura ikapigwa tarehe 29. Mimi sikuona posti hata moja ikisema Wagiriki hawajui kuchapa. Kosa la kutoka Ulaya linaundiwa maelezo. La River Road linaundiwa video. Na msiniambie hapa hakuna mikono ya kazi nyeti, maana De La Rue walichapa noti Ruaraka kwa miaka mingi hadi waliposimamisha mitambo 2023, na noti hizo zilishikwa na mafundi wa hapahapa, watu wanaopanda matatu za Thika Road kama wewe.

Nimefuta video zote mbili. Nimemlipa mzee Sh5,000, ya kwanza nilimpa mkononi akaikataa, nikaituma kwa M-Pesa asubuhi iliyofuata akanyamaza. Zimebaki 7,000 na tarehe nimempa. Kwa mwenye duka nilikwenda na kina mama wawili wa chama, mwenyekiti akiwa mmoja wao, nikaeleza mbele yao kosa lilikuwa la nani. Mwenyekiti aliniangalia vile mama huangalia mtoto aliyevunja sahani akasingizia paka.

Kila Jumamosi sasa nakaa pale kuanzia saa mbili asubuhi, nafagia, nafunga bando, na mzee ananiruhusu kuosha rola. Bado hajaniruhusu kugusa skrubu za maji.

Video ile ya kwanza ilisambazwa na watu wengi wanaonifuata hapa. Mnajijua. Sambazeni na hii.