SAFARI ZA NCHINI: Kasri Lisilo na Jina la Mfalme

Karani au mfanya biashara wa Nairobi akipata likizo, aghalabu huenda kwao shamba; na asipokwenda shamba, huteremka Mombasa kwa gari la moshi, akaoga baharini, akala samaki, akarudi. Jumatatu akiwa Kenyatta Market, kati ya moshi wa nyama choma na safu za wasusi wa nywele, rafiki zake wakimwuliza ameona nini huko pwani, jawabu lake ni moja tu: bahari. Si kosa lake, maana hakuna aliyemwambia zaidi. Lakini kwa siku moja, toka alfajiri hata magharibi, njia ya lami iendayo kaskazini kutoka Mombasa humfikisha msafiri kwenye magofu ya miji ya kale, na vijiji vya Wagiriama, na mwisho kwenye bandari iliyojulikana Uchina kabla Mreno hajaiona.

Yafaa kuondoka mapema, kwa sababu jua la pwani halina huruma, na magofu hayana paa. Jumba la Mtwana liko karibu na Mtwapa, kando ya bahari kabisa. Msafiri na atazame msikiti uliojengwa karibu na maji, apumue upepo, kisha aendelee na safari. Huko Kilifi, juu ya jabali la upande wa kusini wa hori, yako magofu ya Mnarani, yenye msikiti na kaburi la nguzo ndefu. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka wa 1991. Zamani magari yalivushwa kwa feri, na abiria waliongoja walikuwa na nafasi ya kuutazama mwinuko ule. Siku hizi matatu huruka darajani kwa dakika moja, na abiria huona mashua tu.

Safari yenyewe hasa ni Gede. Mji huu uko kama kilomita 16 kabla ya kufika Malindi, wala hauko ufukoni. Umejificha mwituni, kilomita kadhaa kutoka baharini. Mizizi ya miti imekumbatia kuta, na kima hukimbia juu ya mapaa yasiyokuwapo. Kati ya makaburi liko moja lenye tarehe iliyochongwa kwa hesabu ya Kiislamu, mwaka wa 802, ambao ni mwaka wa 1399. Msomaji na ahesabu mwenyewe: ni miaka mia tano kamili kabla reli haijafika Nairobi, mahali palipokuwa bwawa na nyasi.

Kasri la Gede lina lango la tao, na ua ulioshushwa chini ambamo wageni walipokewa, na vyumba vya wanawake nyuma. Vyumba ni virefu na vyembamba, maana upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kiko chumba kisichokuwa na mlango hata mmoja. Mwenye mali aliingia kwa ngazi kupitia tundu lililo juu ukutani, na mwivi aliyepapasa gizani asingeligundua. Viko vyoo pamoja na mahali pa kutawadhia na mashimo ya maji machafu, kazi ambayo mafundi wa mitaa mingi ya leo wangeionea haya. Mawe yote ni matumbawe, na chokaa yake ilitokana na matumbawe yayo hayo yaliyochomwa moto.

Basi, kasri hili lilikuwa la nani? Jina la mfalme halijulikani. Wareno walikaa Malindi karibu miaka themanini katika karne ya kumi na sita, mwendo wa asubuhi moja tu kwa miguu, wakaandika barua na vitabu vingi, na Gede hawakuitaja hata mara moja. Labda hawakutoka ufukoni. Labda waliisikia kwa jina jingine, kwa kuwa hili la Gede ni neno la Kigalla, yaani la Waoromo, nao walifika baadaye. Mji ulipohamwa katika karne ya kumi na saba, hakubaki mtu wa kusimulia. Sababu zinazotolewa ni nyingi: visima kukauka, mashambulio ya Wagalla, na biashara kuhamia Mombasa. Mkulima aliyepata kuchimba kisima akakuta vumbi hatahitaji sababu ya pili.

Yaliyoshindwa kuandikwa na wino yamehifadhiwa na udongo. Mwingereza John Kirk alifika mwaka wa 1884 akayaona magofu; na toka mwaka wa 1948 hata 1958 mwingine, James Kirkman (majina yao yafanana, lakini hawakuwa ndugu), akachimba pole pole nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa hakuwajua wenye nyumba, aliziita kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Hivyo mtu hujua kwamba katika nyumba hii palikuwa na mkasi, na katika ile palikuwa na ushanga uliovuka bahari mbili, lakini hajui aliyeukata uzi wala aliyeuvaa ushanga.

Kirkman alitoa kitabu mwaka wa 1954, akauita mji huu katika anwani yake mji wa Waarabu. Ndivyo walivyofikiri wataalamu wa siku zile: wakiona mawe na msikiti, hawakumtafuta mwenyeji. Hata hivyo alichokichimba kwa wingi kuliko vyote si bakuli za Uchina, bali ni vyungu vya udongo vya hapa hapa. Na juu ya tao la mlango mmoja wa Msikiti Mkuu umechongwa mkuki mpana. Mwaka wa 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima mifupa ya watu wa kale wa pwani, wakiwamo waliozikwa Mtwapa, nayo yaonyesha kwamba mama zao wa asili walikuwa karibu wote Waafrika, na ya kuwa baba wengi walitoka Asia, hasa Uajemi, wakaanza kuoana na wenyeji yapata mwaka wa 1000. Mgeni alikuja, naam. Lakini alikuta mji na wenyewe, akaoa, na watoto wakasema lugha ya mama. Shirika la UNESCO liliitia Gede katika orodha ya urithi wa dunia mwezi wa Julai, 2024.

Nje ya kuta vimekaa vijiji vya Wagiriama, na msafiri asivipite kwa haraka, kwa maana humfunza jambo ambalo kasri haliwezi. Nyumba za mawe za Gede zilikuwa za matajiri. Watu wengi zaidi waliishi kati ya kuta mbili za mji katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, zikafanana na hizi zinazosimama leo kati ya minazi na mikanju. Zile zimerudi kuwa udongo, ndiyo sababu mgeni huona nafasi tupu mwituni akadhani hapakuwa na kitu.

Wanakijiji hawa, miaka ya nyuma, wengi walitamani msitu wa Arabuko-Sokoke ukatwe wapate mashamba, kwa kuwa tembo na nyani waliwaharibia mahindi na msitu haukuwapa hata senti. Mwaka wa 1993 mradi wa Kipepeo ulianzishwa papo hapo Gede. Wakulima hufuga viwavi kwa majani ya miti ya msitu. Viwavi wakiisha kujifungia katika vifuko vyao huuzwa, wakasafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, wapate kuruka mbele ya watazamaji. Mti ukawa na bei ukiwa umesimama.

Ikifika alasiri msafiri aingie Malindi, na hapa mambo hugeuka. Mfalme wa Malindi ameandikwa sana. Mwaka wa 1415 wajumbe wake walimfikisha twiga mbele ya mfalme wa Uchina. Mwezi wa Aprili, 1498, Vasco da Gama alipotia nanga, mfalme alimjia kwa mashua akiwa amevaa joho, chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, mzee mmoja akimshikia upanga wenye ala ya fedha, na siwa mbili za pembe, ndefu kama kimo cha mtu, zikipigwa. Akampa rubani, Mhindi wa Gujarat, aliyemfikisha Calicut mwezi uliofuata. Hayo yote yamo vitabuni. Lakini mtu akiuliza kasri la mfalme huyo liko wapi, haonyeshwi ukuta hata mmoja. Yako makaburi mawili ya nguzo kando ya msikiti, liko kanisa dogo la Wareno, na juu ya rasi uko msalaba wa jiwe lililotoka Ureno. Mfalme alihamia Mombasa pamoja na Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593, na mawe ya mji wake yakaisha.

Bandari yenyewe sasa ni ya wavuvi. Wakati wa mvua maji ya ghuba huwa mekundu kama chai, kwa udongo uletwao na mto Sabaki, nao ufuko umezidi kupanuka. Sabaki ndiyo Galana, na Galana ndiyo Athi, na ndani ya Athi huingia mto Nairobi pamoja na kile kijito cha Ngong kipitacho Kibera, si mbali na Kenyatta Market. Msafiri wa Nairobi anaweza kusimama hapo hata jua lishuke, akiyatazama maji ya kwao yakifika baharini, ila asichelewe kwenda stendi, kwa kuwa magari ya kurudi Mombasa hupungua magharibi.