Kioo cha Fundi wa Video: Kiseme Kweli, Kisianike Watu

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hunijia kila nipitapo kwenye maduka ya mafundi wa video hapa Mombasa, nikaona wanavyojifakharisha kwa vioo vyao. Huyu ana kioo cha inchi 55, yule cha inchi 65, na kila kimoja kimetundikwa ukutani mkabala na mlango. Mteja akiingia na kanda yake ya harusi ya miaka ya themanini, jicho lake huenda kwanza kwenye kioo. Akishastaajabu, hukabidhi kanda bila ya kuuliza neno. Mimi nasema makosa huanzia hapo.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2022 tulipeleka kwa fundi mmoja kanda ya harusi ya dada yangu mkubwa, iliyopigwa mwaka 1987. Ndani yake yumo mama yetu, ambaye amekwisha kututangulia mbele ya haki, akipiga pembe za vugo pamoja na shoga zake. Zipo picha zake za karatasi, lakini hatuna pengine pa kumwona akitembea na kucheka. Tulitaka kanda isafishwe, ikatwe palipochakaa, itiwe majina na kuwekwa kwenye flashi ili wajukuu wamjue bibi yao.

Kule dukani, kwenye kioo kikubwa, kila kitu kilimeta. Tulipofika nyumbani tukaona ajabu. Mama alikuwa mwembamba maisha yake yote, lakini sasa amenenepa kama aliyevimba. Akiinua mkono kupiga pembe, mkono huo unakwenda mbele, unarudi nyuma kidogo, kisha unakwenda mbele tena, utadhani anatetemeka. Hina ya bibi harusi imekuwa nyeusi kama wino, na majina yaliyoandikwa chini ya picha yamekatwa nusu. Dada yangu aliitazama dakika mbili, akazima, akaingia chumbani.

Nilirudi kwa fundi. Akanijibu kwa adabu, "Ndugu yangu, hiki kioo changu ni cha kisasa kabisa, kasoro itakuwa kwenye kanda yenu." Hakuwa mwongo. Kioo chake ndicho kilichomdanganya.

Kanda zetu nyingi za zamani, za hapa Kenya na hata zile zilizoletwa na jamaa kutoka Oman na Dubai, ni za mtindo wa PAL. Picha ya PAL ina mistari 625, na 576 kati ya hiyo ndiyo inayobeba sura tunayoiona. Mistari hiyo haichorwi yote kwa mara moja. Huchorwa nusu ya kwanza, mstari mmoja ukirukwa, kisha nusu ya pili ikajaza nafasi zilizoachwa. Kwa sekunde moja hupita picha 25, yaani nusu 50. Runinga ya zamani, ile yenye kisogo kirefu nyuma, huchora vivyo hivyo, nusu baada ya nusu. Kioo bapa cha siku hizi huonyesha mistari yote kwa pamoja, kwa hivyo sharti kwanza nusu hizo ziunganishwe ndani ya mashine. Katika kuunganisha huko, makosa ya fundi hufichika.

Kosa kubwa ni kupindua mpangilio, nusu iliyostahili kutangulia ikawekwa nyuma. Kwenye kidirisha cha kompyuta fundi anaweza asione lolote. Kwenye runinga ya kisogo ataona mara moja, kwa sababu kila kinachosogea kitatetemeka. Fikiria kanda ya kirumbizi ya Lamu, fimbo zikigongana hewani. Mpangilio ukiwa sawa, fimbo inapita kama upepo. Ukipinduliwa, inarukaruka kama kuku aliyefungwa mguu.

Unene wa mama nao una sababu yake. Picha za zamani zina upana wa 4 kwa kimo cha 3, na vioo vya leo ni 16 kwa 9. Fundi asiyetaka kuona weusi pembeni huivuta picha mpaka ijae, na kila mtu akaongezeka upana kwa thuluthi moja. Majina yaliyokatwa ni kwa sababu runinga nyingi humeza kidogo kingo za picha, na fundi aliyaandika chini mno. Hina iliharibika kwa kuwa vioo vya dukani huwekwa ving'ae kupita kiasi ili vivutie wanunuzi. Fundi akiona picha inang'aa mno huipunguza mwanga, na mtazamaji wa nyumbani akapata giza.

Kwa hivyo rai yangu ni hii: kioo cha fundi wa kanda za zamani kichaguliwe kama anavyochaguliwa shahidi. Shahidi hatakiwi kwa urefu wa kimo chake wala kwa uzuri wa kanzu yake. Hutakiwa awe mkweli na awe na murua. Runinga ya kisogo ya inchi 14, ikiwa nzima na imepimwa kwa ile picha ya mabomba ya rangi, ni shahidi bora kuliko kioo cha inchi 65 kisichopimwa.

Najua nitajibiwa kwamba nani siku hizi hutazama runinga ya kisogo. Kenya ilizima mitambo ya zamani ya utangazaji mwaka 2015. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda mashine za kuchezea kanda za VHS, iliacha mwaka 2016. Watu hutazama kwa simu na vioo bapa. Ni kweli. Lakini mwanamke huvaa dhahabu shingoni, na sonara huipima kwenye mizani. Hakuna aliyesema tuvae mizani. Fundi na apime kwenye runinga ya zamani, kisha atazame tena kwenye kioo bapa na kwenye simu, ili ajue wenye harusi wataona nini.

Wala sisemi kila runinga ya zamani ni ya kuaminika. Nyingine zimechakaa, rangi nyekundu imekwisha, kila uso ni wa kijani. Nyingine zimewekwa karibu na spika kubwa, na sumaku ya spika imezitia madoa ya rangi. Ichaguliwe nzima, iwekwe mbali na spika na jua la dirishani. Na asiye fundi asithubutu kuifungua, kwani ndani yake hubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Limebaki la murua, na kwetu hili ni zito zaidi. Harusi zetu zina siku ya kupamba. Wanawake huvua mabuibui yao wakiwa peke yao, wakajipamba na kucheza. Mwaka 1987 walikubali kupigwa picha kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa jamaa yao wa kike, na kanda ilikuwa ya kutazamwa ndani ya chumba kimoja. Leo kanda ile ile inachezwa kwenye kioo kikubwa kinachotazama barabara, na wateja wa kiume wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu. Walio hai hawakuulizwa, na waliokufa hawawezi kusema. Kanda ya namna hii ni amana. Kioo kidogo kilichoelekezwa ukutani ni stara, na hapo udogo wake ni sifa. Akipatikana fundi wa kike, ni bora zaidi. Kazi ikimalizika, asibakishe nakala.

Basi mwenye kanda asiulize kioo cha fundi kina inchi ngapi. Amuulize mambo matatu. Unapima mwendo na rangi kwenye kioo gani? Kioo hicho kinaelekea wapi? Na je, utanipa kwanza nakala isiyoguswa, kabla ya kukata chochote? Akishindwa kujibu, chukua kanda yako uende. Lakini usiirudishe kabatini kungoja mwaka mwingine, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu, na ukungu haungoji. Profesa Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, naye Zein l'Abdin mwaka 2016. Aliye na kanda yao wakiimba katika harusi ya jamaa zake ana kitu kisichoweza kupigwa tena.

Sisi tuliipeleka kanda yetu kwa bibi mmoja afanyaye kazi hiyo chumbani kwake ghorofani, mlango umefungwa, na runinga ya kisogo imeelekezwa ukutani. Aliifanya upya tangu mwanzo. Siku ya kuichukua dada yangu aliingia peke yake, mimi nikangoja nje kwenye ngazi. Nilisikia pembe za vugo, kisha nikamsikia dada akisema, "Naam, huyu ndiye mama."