Kumwacha Tajiri Kabla ya Wakati



Juma hili nina swali la mama mmoja wa Lisekese. Binti yake amekwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, na hata miezi miwili haijatimia. Sasa amepiga simu: jirani wa tajiri wake amemwita aje kwake, atampa mshahara mkubwa zaidi. Mama auliza, je, mtoto ahame?

Namjibu mama huyo, na wewe pia uliye na mtoto atakaye kusafiri: asiondoke kwa siri na mfuko wake.

Hapa kwetu kibarua akichoshwa na shamba la mikorosho la huyu, kesho utamwona kwa mwingine, wala hakuna wa kumwuliza. Oman sivyo. Kibali cha mgeni cha kukaa nchini kimefungwa kwa tajiri aliyemwita, ndiye aitwaye kafili. Mtumishi akimwacha bila karatasi, tajiri hupeleka habari serikalini kwamba ametoroka. Tangu hapo binti ni mtoro mbele ya sheria. Aweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Yule jirani mwenye ahadi tamu ayajua hayo. Pengine ndiyo sababu anamtaka, maana asiye na karatasi ataogopa kushtaki asipolipwa.

Kweli, sheria imelegezwa kidogo. Zamani mgeni asiyepewa barua ya ruhusa na tajiri wake alilazimika kutoka nchini na kungoja miaka 2. Tangu Januari 1, 2021, aliyemaliza mkataba haombi tena barua hiyo. Lakini aliyefika juzi hajamaliza kitu. Yeye aseme wazi na wakala aliyemleta. Tajiri akiridhia, mambo yaandikwe upya kwa jina la tajiri mpya, ndipo ahame mchana, watu wakiona.

Wazee watasema mambo haya si mageni. Katika Tanganyika, chini ya sheria ya 1923 ya mabwana na watumishi, manamba aliyetoroka shamba la mkonge kabla ya kumaliza mkataba aliweza kushtakiwa na kufungwa kama mhalifu. Mkataba wa kazi ukawa kamba shingoni.

Lakini ngoja, mama. Nimesema habari ya mshahara mkubwa. Kama binti anapigwa, ananyimwa chakula au mshahara, au anaguswa na wanaume wa nyumba hiyo, jibu langu ni jingine kabisa. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Tanzania waliotumikia nyumba za Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema pasi zao zilichukuliwa na matajiri au mawakala. Wengine walifanya kazi hata saa 21 kwa siku. Wengine waliambiwa warudishe kwanza fedha tajiri alizompa wakala, ndipo waachiwe! Papa Leo XIII alikwisha kufundisha katika barua yake Rerum Novarum ya 1891 kwamba mfanyakazi akikubali masharti mabaya kwa sababu ya shida au hofu, ameonewa, ingawa alitia sahihi. Basi binti wa namna hiyo asingoje mkataba uishe. Aende ubalozi wa Tanzania mjini Muscat, hata kama hana pasi mkononi.

Nami nina neno kwa wazazi. Wengi wetu twauza korosho, twampa mtoto nauli, twampigia vigelegele stendi ya Masasi, na hatujui hata jina la nyumba anakokwenda. Mkataba ulioandikwa Kiarabu ametia sahihi uwanja wa ndege! Mkataba usomwe nyumbani, kwa lugha mnayoijua, na upite kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, na kwa ubalozi, kabla ya safari. Nakala yake ikae sandukuni kwako pamoja na nakala ya pasi, na jina na simu ya wakala na ya tajiri.

Mama wa Lisekese, binti akipiga simu tena, usianze na mshahara. Mwulize analala wapi, amekula nini leo, na pasi yake iko kwa nani. Kisha niandikie.