Helmeti Mbovu Zitoke Vijiweni

Helmeti ya pikipiki ina sehemu nne: gamba gumu la nje, povu gumu jeupe chini yake, kitambaa laini kinachogusa ngozi, na mkanda wa kidevu. Mkanda usipofungwa, hizo tatu nyingine ni mzigo tu. Wiki iliyopita, kwenye makutano ya barabara jijini Dar es Salaam, dereva wa bodaboda aligongwa ubavuni na gari dogo. Kifungio cha mkanda wake kilikuwa kimevunjika siku nyingi, akawa anaufunga kwa kipande cha kamba. Fundo likaachia. Helmeti ilichomoka kabla kichwa hakijafika kwenye lami, ikabingirika hadi mtaroni. Abiria wake, mama aliyekuwa akitoka sokoni, hakupewa helmeti kabisa. Wote wawili walipakiwa kwenye bajaji na kukimbizwa hospitali. Jioni ileile, helmeti ile ilikuwa ikining'inia kwenye usukani wa pikipiki nyingine kijiweni, ina mchubuko mpya na kamba yake ya zamani.

Mwendo wa kukimbizana na hesabu ya bosi, mishikaki ya abiria, madereva wa magari wasiotazama vioo: hayo kila mtu anayajua. Jambo lisilovumilika ni hilo la jioni. Watu wazima kadhaa waliiona helmeti ikishindwa kazi yake mchana, na jua lilipotua wakampa mwenzao aivae.

Kichwa kikisimama ghafla kwenye lami, ubongo unaendelea na safari na kugonga fuvu kwa ndani. Gamba la helmeti hulitawanya pigo lisitue mahali pamoja, tena huzuia jiwe au chuma kupenya. Povu ndilo linaloubeba uzito wa kazi. Ni la jamaa moja na lile linalopakiwa na televisheni mpya ndani ya boksi, ila hili limeshindiliwa zaidi. Linapopigwa hupondeka, na kule kupondeka huchukua muda, sehemu ndogo mno ya sekunde, unaotosha kukipunguzia kichwa ukali wa kusimama. Likishapondeka halirudi. Gamba linaweza kung'aa kama jipya huku ndani yake pakiwa hapana kinga. Kwa hiyo helmeti iliyopata ajali ikiwa kichwani imekwisha, hata kama haina ufa.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki bila helmeti, akafa baada ya siku 6. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomhudumia, alichunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi na kuchapisha matokeo mwaka 1941. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha tarishi wake wa pikipiki kuvaa helmeti. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa helmeti nzuri iliyovaliwa sawasawa hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Baada ya miaka zaidi ya 80 ya kuujua ukweli huu, kumpandisha mama wa watu bila helmeti ni kumdhulumu.

Hata isipoanguka, helmeti huzeeka. Jua, jasho na mafuta ya nywele hulegeza povu na gundi. Ushauri wa kawaida ni kuibadilisha ndani ya miaka 5 ya matumizi. Ya dereva wa bodaboda, inayoshinda juani kutwa, huchoka mapema zaidi. Tarehe ya kutengenezwa mara nyingi huwa ndani, chini ya kitambaa. Isisafishwe kwa petroli wala tina, kwani hivyo huyeyusha povu na kudhoofisha gamba la plastiki. Maji na sabuni ya kawaida vinatosha. Kofia ya ujenzi si helmeti: imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka kutoka juu, haikutengenezwa kwa kichwa kinachobamizwa chini. Ya mtumba nayo haifai, maana hakuna ajuaye imepigwa mara ngapi.

Katika kununua, itazamwe alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), au ile ya kimataifa, herufi E ndani ya duara. Kisha ivaliwe palepale dukani, mkanda ufungwe hadi vidole viwili tu vipite chini yake, na mtu aishike kwa nyuma na kuisukuma kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso, irudishwe kwenye rafu.

Abiria wengi huikataa helmeti kwa kuogopa mapunye na jasho la wengine, na hofu hiyo ina msingi. Kitambaa chepesi kichwani kabla ya kuvaa huipunguza, na dereva anaweza kuwa navyo kadhaa vilivyofuliwa. Lakini abiria asiyeombwa kuvaa na aombe mwenyewe. Pikipiki isiyo na helmeti ya pili asiipande. Wenye pikipiki waihesabu helmeti ya pili ndani ya mkataba, kama wanavyohesabu matairi. Serikali za mitaa nazo zilisimamie hilo.

Mzigo mkubwa uko kijiweni kwenyewe. Kila mwezi, mwenyekiti wa kijiwe azipange helmeti zote chini, azikague vifungio na povu moja baada ya nyingine. Mbovu isigawiwe, isiuzwe, isiachwe jalalani ikaokotwa. Mkanda ukatwe kwa kisu na gamba lipasuliwe kwa nyundo siku hiyohiyo, wanakijiwe wote wakiwa wamesimama hapo.