Kabla ya Kuchimba Msingi

Barua kutoka Lowell, Massachusetts

Kwenu wazazi wangu, kaka na dada zangu, mashangazi na majirani wote wa Nakuru kuanzia Lanet hadi Ngata,

Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, kwa kuwa simu za wikendi zinaleta habari ile ile: ploti imepatikana, tumeni pesa tuanze nyumba za kupangisha. Nia yenu ni njema. Akiba nayo ipo, nyingi ikiwa imetokana na zamu za usiku za kuwahudumia wazee na wagonjwa. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na sehemu kubwa ilitoka hapa Marekani. Kwa hiyo nawaomba tukubaliane: tunapowaza nyumba ya kwanza ya kupangisha, tuanze na mpangaji. Mawe na saruji vije mwisho.

Kila mtaa una watu wake. Njoro inategemea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton. Chuo kikifungwa, bedsita nyingi hubaki na kufuli mlangoni. Karagita, kule Naivasha, wanaishi wafanyakazi wa mashamba ya maua, na mshahara wao hauwezi kubeba kodi ya mtaa wa kifahari kama Milimani hata tukiweka vigae hadi darini. Section 58, Naka na Kiamunyi wanatafuta nyumba walimu, wauguzi na wafanyakazi wa kaunti wenye familia. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, madalali walipata neno jipya la kuuzia ploti. Lakini mpangaji hulipa kwa mshahara wake, na mshahara haukupanda siku ile.

Basi mmoja wenu aende mtaani kabla hatujatoa hata shilingi. Aingie kwenye ploti tatu au nne zilizokwisha kujengwa, aongee na keriteka, aulize ni nyumba ngapi ziko wazi na waliohama walihama kwa nini. Mara nyingi ataambiwa ni maji. Tazameni ngazi za ghorofa siku mifereji imekauka: mitungi ya manjano imepangwa kila mlango, imeandikwa namba ya nyumba kwa rangi, na mama wa ghorofa ya tatu anamlipa kijana kwa kila mtungi anaopandisha. Kwa mama huyo, kodi ya nyumba ni ile anayompa landilodi pamoja na pesa za mitungi. Akisikia kuna mahali penye tangi kubwa na maji ya uhakika, atahama hata kama kodi ya huko imezidi kidogo. Kisima pia si jibu la moja kwa moja. Maji mengi ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Yapimwe kwanza.

Ardhi yenyewe nayo iulizwe. Mji wetu umekaa juu ya majivu ya volkano na nyufa za kale. Wakazi wa Kaptembwo, Rhonda na London wanajua jinsi mvua kubwa inavyoweza kufungua shimo pale palipokuwa uwanja. Machi 2018 sote tuliona ufa wa karibu na Mai Mahiu ulivyokata barabara ya Narok. Ziwa Nakuru nalo limepanuka tangu miaka ya 2010, likameza lango kuu la zamani la mbuga na kuhamisha familia za Mwariki na Barut. Kihoto, Naivasha, maji yaliingia ndani ya nyumba mwaka 2020, yakarudi tena 2025. Ploti inayouzwa bei ya chini kuliko jirani zake ina sababu, na wazee wa mtaa huijua. Waulizeni.

Karatasi ndizo zinazofuata. Baada ya uhuru, wazee wetu walichangishana katika kampuni za kununua mashamba ya walowezi, kama Ngwataniro na Mutukanio, na mpaka leo kuna familia zinazohifadhi vyeti vya hisa kwa heshima kubwa. Naiheshimu historia hiyo. Hata hivyo, cheti cha hisa si hati miliki, na nyumba haijengwi juu ya hisa. Wakili wetu, asiwe wa muuzaji, afanye sachi katika ofisi ya ardhi. Mpima ardhi mwenye leseni aonyeshe bikoni. Na kama ardhi ni ya kilimo, kibali cha bodi ya ardhi kipatikane. Tutenge pia ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Na sisi wa huku tujikague: aliyechukua uraia wa Marekani kabla ya Katiba ya 2010 na hajaomba kurejeshewa ule wa Kenya anahesabiwa mgeni, naye mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99.

Sasa tupige hesabu kwa mfano. Tuseme tumejenga bedsita kumi kwa shilingi milioni 8 pamoja na ploti, kila moja kodi 6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000. Mbili zikikaa wazi, zinabaki 576,000. Keriteka wa shilingi 10,000 kwa mwezi ni 120,000. Mwenye nyumba anayeishi Kenya, ambaye kodi anayokusanya kwa mwaka iko kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, hulipa Mamlaka ya Mapato (KRA) asilimia 7.5 ya makusanyo, kabla ya kutoa gharama yoyote: 43,200. Lakini asiyehesabiwa kuwa mkaazi, kama wengi wetu huku, hutozwa asilimia 30: 172,800. Kwake zinabaki 283,200, yaani kama asilimia 3.5 ya pesa zilizozikwa pale, na hapo bado hatujapaka rangi wala kubadilisha bomba. Linganisheni na hili: Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46 bila ushuru. Siwakatazi kujenga. Ardhi hupanda thamani na kodi hupanda pia. Nasema nyumba hulipa polepole, kwa hiyo isijengwe kwa mkopo wa haraka. Tuanze na nne, tuzione mwaka mzima, ndipo tuongeze.

Mpangaji akishaingia, tumtendee haki. Aandikiwe mkataba na amana yake iandikwe. Akichelewa kulipa, tusing'oe mlango wala kutoa mabati; sheria ina njia yake, kupitia dalali wa mnada mwenye leseni. Wala tusichague watu kwa jina la ukoo. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Nakuru iliona watu wakifukuzwa kwenye nyumba walizokuwa wakilipia kila mwezi. Anayelipa na kuishi vyema na jirani ni wetu, awe ametoka Molo, Kisii au Turkana.

Mwisho ni sisi kwa sisi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Atakayesimamia nyumba alipwe mshahara uliokubaliwa, kwa maandishi. Kodi iingie benki moja kwa moja, isipitie simu ya mtu. Risiti ya saruji itumwe pamoja na picha ya ukuta. Nikiomba hesabu, ndugu yangu asione kwamba namshuku. Naye akiomba mshahara wake, nisione kwamba hana utu. Undugu mwingi umevunjika juu ya majengo ambayo hayakukamilika, na tulichokuwa tunajenga ni maisha ya pamoja.

Kwa hiyo ploti iliyotajwa wiki hii isilipiwe bado. Nitumieni namba ya hati, majina ya mitaa miwili mliyotembelea, na yale wapangaji waliyowaambia kuhusu maji. Nikishapata hayo, nitamlipa wakili wa kufanya sachi, kisha tuendelee pamoja.

Wenu daima,
Mwana wenu wa Lanet