Baiskeli milimani: nani atakayefaidi?

Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya punda milia na twiga. Vijana wanaokodisha baiskeli kando ya barabara iendayo Lango la Elsa hujipatia riziki humo. Lakini hebu tutazame hesabu. Kiingilio huliendea Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS); kijana hubakiwa na kodi ya baiskeli, ambayo sehemu yake humezwa na matairi na minyororo. Naye mgeni atokaye Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 90, aweza kurejea kwake jioni iyo hiyo asilale wala asile kwa mwenyeji. Neno hili mwenyeji, kwa asili yake, ni mwenye mji. Je, huyu wa pale langoni ni mwenye nini?

Wengine wamejaribu njia tofauti. Derby, mji mdogo wa Tasmania nchini Australia, ulikuwa wa machimbo ya bati, kisha ukafifia. Mnamo 2015 vijia vya baiskeli vilifunguliwa huko kwa fedha za umma, bila kiingilio. Pato likatoka katika malazi, mikahawa na magari ya kuwapandisha wageni kilimani. Ni mpango mzuri, ila wahitaji hazina isiyochelewa kutoa fedha, na kaunti zetu twazijua.

Huko Vermont, Marekani, shirika lisilo la faida liitwalo Kingdom Trails, lililoasisiwa 1994, huuza tiketi na kupitisha vijia katika mashamba ya watu binafsi. Desemba 2019 baadhi ya wenye mashamba waliwafungia waendeshaji baiskeli ardhi yao, baada ya malalamiko kuhusu msongamano na mienendo ya wageni. Mtandao uliojengwa kwa miaka 25 ukakatika ghafla.

Mfano huu wa pili ndio utufaao, hasa katika miteremko ya Elgeyo ambako ardhi ni ya familia, mradi mwenye shamba awe mshirika kwa mkataba na apate fungu la kila tiketi, si shukrani tu. Fungu jingine litengewe ukarabati, kwani masika hayaachi kijia salama. Kwenye misitu ya serikali, Sheria ya 2016 tayari inaviruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi. Kilichobaki ni vyama hivyo kudai sehemu yao kabla mwekezaji hajaja na ramani yake.