Shinkolobwe: kufunga mgodi kwa karatasi haitoshi

Likasi, Haut-Katanga – Zaidi ya miaka 20 imepita tangu wakaaji wa Shinkolobwe waondolewe kwenye kijiji chao. Lakini ulizo moja bado liko pale pale: nani anachunga mawe na udongo uliobaki?

Mgodi huu uko karibu kilometa 20 magharibi ya Likasi. Uraniumu yake ndiyo iliyotumiwa kwa sehemu kubwa kutengeneza bomu lililopigwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Kampuni ya Union Minière ilifunga mashimo kwa beton mbele ya uhuru wa 1960. Mali ilienda ng’ambo, takataka ikabaki Katanga.

Na takataka hiyo haikufa. Mawe ya uraniumu yakisagwa na uraniumu ikitolewa, karibu asilimia 85 ya mionzi inabaki ndani ya unga unaotupwa. Radiumu iliyo ndani yake inahitaji miaka 1600 ili ipunguke nusu. Inazaa hewa ya radoni, isiyo na harufu wala rangi, inayojaa ndani ya mashimo na kuleta kansa ya mapafu. Vumbi nalo linaingia kwa pumzi na kwa mikono inayokula bila kunawa.

Mwaka 2004, amri ya rais ilifunga mgodi mwezi wa Januari. Watu waliendelea kuchimba kobalti, sababu njaa haisomi amri. Mwezi wa Julai shimo liliporomoka, watu 8 wakafariki. Kisha nyumba za kijiji zikaharibiwa na jamaa zikatawanyika. Waliondolewa kwa ajili ya usalama wao, ilisemwa. Lakini usalama gani ule wa kumfukuza mtu bila kumuonyesha fasi ingine ya kulima na kuishi? Mtu wa namna hiyo atarudi usiku.

Wengine wanasema askari wakiongezwa, mambo yataisha. Novemba 2007 ilionyesha kinyume. Mawe yenye mionzi yaliyokamatwa, na ambayo yalipashwa kuzikwa Shinkolobwe, yalitupwa katika mto Mura, karibu na Likasi. Wakati huo si mchimbaji mwenye njaa aliyekosa. Ni kazi ya kuchunga takataka iliyokosa mwenyewe.

Serkali inapashwa kufanya mambo matatu. Kwanza, kufunika malundo kwa udongo mzito, kuyazungushia uzio na kuweka alama ambazo hata mtoto asiyejua kusoma atazielewa. Pili, kupima maji ya mito na visima mara kwa mara na kutangaza matokeo kwa Kiswahili, kwenye redio, si kuyafungia ndani ya ofisi. Tatu, kuwapa jamaa walioondolewa mashamba na kazi. Hapo ndipo mgodi utakuwa umefungwa kweli.

Wakati wa kungojea, wazazi wasiwaache watoto kucheza na mawe ya kule, wala mtu asiyatumie kujengea nyumba. Aliyefanya kazi mule anawe na kubadili nguo mbele ya kushika mtoto ao chakula.

Jamaa za Shinkolobwe hawakuleta mionzi. Waliikuta imeachwa na wengine. Si haki walipe peke yao.